Mwalimu Aliyekataa Kusema Hakuna

Mwalimu hakulipenda neno "hakuna". Naanza na hili kwa sababu ndilo la kwanza alilonigombeza, na kwa sababu mengine sina hakika kama nayakumbuka sawasawa. Nilikuwa nimepanda ngazi na birika la chai, akaniuliza sukari iko wapi. Nikamjibu, "Sukari hakuna, Mwalimu." Akavua miwani.

"Umeangalia wapi?"

"Kabatini."

"Basi sema hujaiona. Hakuna ni neno kubwa, Mama Asha. Analisema aliyekwisha kupekua dunia nzima."

Sukari ilikuwa kwenye ngazi, ndani ya mfuko, pale pale nilipoitua mwenyewe asubuhi ile nikaisahau.

Mimi ni mfagizi. Nimesoma mpaka darasa la saba, na jioni huandika mambo ya mchana kidogo kidogo, maana kichwa changu hakishiki. Sina uwezo wa kumweleza mtu kama yule, na mara mbili nimeanza nikaacha. Mwenye elimu akisoma haya atakuta makosa, anisamehe. Pale nisipojua nitasema sijui, angalau hilo nililisoma kwake.

Mwanamke huyu alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari. Nusu ya watu wazima wa mitaa yetu walipita mikononi mwake, na wengine mpaka leo wakimwona anakuja wanaficha sigara. Alipostaafu, chuo kimoja kikampa chumba cha juu katika nyumba kongwe ya Mkunazini, na mimi nikaajiriwa kukisafisha. Kilikuwa na meza nzito, friji, kamera, na taa ndogo ya mwanga wa kijani mwembamba kama uzi. Na vioo. Kila kimoja hakizidi ukucha wa kidole gumba, kimepakwa dhahabu upande mmoja. Usifikirie dhahabu ya mkufu. Hii ilikuwa nyembamba hata ukikiinua kioo dirishani unaona ng'ambo ya pili, na paa zote za mji zimegeuka kijani.

Kazi yake ilikuwa kuutafuta ugonjwa uliojificha. Malaria siku hizi kwetu si ile ya zamani, imepungua sana, lakini imebaki kwa watu wachache ambao hata homa hawana, wadudu wao ni haba mno na kipimo cha kawaida hakiwaoni. Mja mzito akiwa nayo hivyo, inamla yeye na mtoto kimya kimya. Mwalimu alitaka tone moja la damu liseme. Juu ya dhahabu aliweka vishikizi vya kuunasa ugonjwa, na kila kilichonaswa akakivika rangi inayowaka ikimulikwa. Ugonjwa ukiwa kidogo, rangi ni kidogo, na mwanga wake unapotea njiani. Hapo ndipo dhahabu inapoingia.

"Dhahabu inaukuza vipi mwanga?" nilimuuliza siku moja. Niliogopa atanicheka. Hakunicheka.

"Umewahi kutazama maulidi ya homu?"

"Mwalimu, nimekulia mlangoni kwao."

"Wale watu wamepiga magoti bega kwa bega. Mmoja akiyumba peke yake, nani atamwangalia? Lakini dufu likipigwa sawasawa, safu nzima inakwenda kama wimbi. Ndani ya dhahabu mna chembe za umeme chungu nzima, kila moja na hamsini zake. Mwanga ukija kutoka chini kwa pembe yake hasa, zinayumba pamoja. Wimbi linatambaa juu ya uso wa dhahabu, haliendi mbali. Sasa rangi iliyokaa jirani inafanyaje?"

"Inachukuliwa."

"Inachukuliwa! Inawaka kuliko uwezo wake."

Nilifurahi kufahamu, nikajitia ujuzi. Nikamwambia basi rangi tuigandishe kwenye dhahabu kabisa. Akatikisa kichwa. "Ikiigusa, dhahabu inaumeza mwanga wote. Ikiwa mbali, dhahabu haina habari nayo. Iko nafasi yake katikati, na mimi nimetia utando wa kuilinda nafasi hiyo."

Nimefikiri mara nyingi kwamba na yeye alijitia utando. Akisikia jirani anaumwa, alikwenda mpaka kizingitini, akauliza dawa gani imeandikwa, akaifuata mwenyewe dukani kama haikupatikana, na hakukaa. Harusini alifika, akatoa hongera, akaondoka kabla ya sinia la pilau kutua. Wako waliosema anajidai. Lakini huyo huyo alijua mtoto wa nani kapasi na wa nani karudia, na aliyerudia alimwita ngazini akamfundisha amesimama. Chombo chake cha kumulikia vioo alikifunika kwa kanga iliyoandikwa "Sogea, usinibane". Nilipomtania akasema aliichagua kwa uzito wa kitambaa, maneno hakuyasoma. Sijui. Mtu asomaye mpaka karatasi ya maandazi asisome kanga?

Sakafu ya chumba kile ilikuwa ya boriti, na kila ukikanyaga katikati meza ilitikisika, na meza ikitikisika pembe ya mwanga inapotea. Kwa hiyo sote tulivua viatu, tukapita kando kando tukiugusa ukuta kama watu wanaokwepa dimbwi. Wageni wakubwa nao walipita hivyo hivyo. Chokaa ikidondoka darini, kazi inasimama, nafuta. Jirani wa chini, muuza udi, akifukiza Ijumaa, kazi inasimama, Mwalimu anainama dirishani.

"Bwana we! Moshi wako unakaa juu ya dhahabu yangu!"

"Mwalimu, huu ni udi wa kuitia nyumba baraka!"

"Baraka imeshaingia, sasa funga mlango!"

Na niseme haki: Alhamisi jioni, akitoka kwake kwenda arobaini ya mtu, buibui lake lilinukia udi wa yule yule jirani.

Jingine lililonishangaza ni kuiogopa bahari. Mtu wa Unguja, na hakutia hata unyayo. Forodhani alipita upande wa ukuta.

Juu ya sababu ya kazi yake, watu walisema alikuwa na mdogo wake aliyekuwa mja mzito, akapimwa mara mbili, mara zote akaambiwa hakuna malaria, akarudi nyumbani akafa. Wengine walisema si mdogo wake, ni rafiki. Mimi sikumuuliza. Ila siku moja muuguzi mgeni alisema mbele yake, "Tukishawaambia hakuna, wanaondoka na furaha," na Mwalimu akamjibu taratibu sana, "Ndiyo. Wanaondoka."

Kioo kilipokuwa tayari kutoka nje, mkuu wa mradi alimwambia wazi: kijaribiwe kwa watu, na kama hakionyeshi kitu, chumba kinafungwa na vyombo vinapewa wengine. Hakumfanyia ubaya. Alikuwa na wakubwa wake, na hao wengine walikuwa na kazi nzuri pia, walikuwa wakipima maji ya visima. Mwalimu akachagua Jambiani, kwa wanawake wanaolima mwani. Akachagua na siku: siku ya bamvua, bahari inapokupwa mbali kabisa na wanawake wote wanashuka kwenye mashamba yao. "Nitawapata wote pamoja wakitoka pwani," alisema. Na mimi niliona ni akili.

Tulikwenda kwa gari, chombo amekipakata juu ya mto kama mtoto mchanga. Kituo cha afya walituwekea mablanketi barazani kupata giza. Maji yalipoanza kujaa wanawake wakaja moja kwa moja, kanga zinachuruzika, mchanga mpaka magotini. Muuguzi wa pale, mama mpole, alifuta kidole kwa spiriti, akachoma, tone likaingia kwenye kioo. Pembeni alipima pia kwa kipimo cha kawaida.

Wa kwanza, kioo kikawaka. Nikamsikia Mwalimu anavuta pumzi. Wa pili kikawaka. Wa tatu, wa nne, wote. Kipimo cha kawaida kwa wote kimya.

Alikuwepo mmoja anaitwa Bi Mize, mwanamke mrefu, sauti inafika msikiti wa pili. Alipotoka nyuma ya blanketi akasimama mikono kiunoni.

"Mwalimu, hiki kipimo au kiberiti? Kila anayekigusa kinamuwakia! Mimi sijaumwa hata mafua tangu mfungo."

"Hebu tulia, Bi Mize, tunaangalia."

"Mnaangalia nini? Kamleteni na mbuzi wangu apimwe, na yeye ana malaria!"

Wanawake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, nikajikanyaga mguu. Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa amesimama kando ya chombo kama mtu aliyeitwa jina lake akajibu naam, kisha akakuta hakuna aliyemwita. Tulipokuwa tunafunga mizigo Bi Mize akamtilia mkononi fungu la mwani mbichi, mwekundu. "Chukua, ukapake usoni, unalainisha. Umejikunja kama uliyetafuna ndimu." Alikuwa anamwonea huruma, kwa namna yake.

Njiani nikasema ni chumvi. Nilikuwa na yakini. Nikafika mjini nikamwambia na muuza udi, ni chumvi ya bahari imeharibu. Kesho yake Mwalimu akaweka maji ya bahari juu ya kioo: giza. Akaweka jasho langu mwenyewe: giza. Spiriti: giza. Ikabidi nishuke ngazi nikayakanushe maneno yangu kwa muuza udi, naye akasema, "Basi msingizieni udi, mmezoea."

Mwani ule niliutia kwenye friji, ndani ya mfuko, karibu na maziwa. Siku chache baadaye Mwalimu alifungua friji akakuta mfuko umevuja, maji ya rangi ya waridi yamezunguka kopo la maziwa. Nikakimbilia kitambaa, naona haya. Akanishika mkono.

"Usifute."

Hakuwahi kunishika mkono kabla ya hapo. Akachovya tone la maji yale, akaliweka juu ya kioo, akawasha taa ya kijani. Wallahi sikuhitaji kamera. Lile tone liliwaka rangi ya machungwa, kama kaa la moto lililopulizwa.

Akakaa chini, sakafuni, na buibui lake. "Na nilisoma hili," akasema. "Nilisoma, Mama Asha! Rangi hii ya mwani mwekundu inauzwa kwenye vichupa, inakuja kwa ndege na barafu yake. Mimi mwenyewe niliiagiza, ikaharibika njiani, nikatumia nyingine inayofanana nayo. Na wale mama wanayo makuchani. Nami nikawachagulia siku ya bamvua!"

Kumbe kioo hakikudanganya. Kiliona kilichokuwepo, ila tulikuwa hatujauliza mikono imetoka wapi. Spiriti ilifuta juu, lakini maji ya mwani yalikuwa yameingia pembeni mwa kucha, na sindano inapita hapo hapo.

Mkuu wa mradi alikuja wiki ile ile. Alipita kando ya ukuta, viatu mkononi, maana na yeye aliwahi kuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, nimekuja kwa masikitiko. Matokeo hakuna."

"Sema hujayaona."

"Mwalimu, mimi si mwanafunzi tena."

"Nnajua. Ungekuwa mwanafunzi ningekusimamisha pembeni. Kaa."

Akamwonyesha tone la mwani. Yule bwana akaliangalia muda mrefu. Sikuwa na haki ya kusikiliza lakini nilikuwa napangusa dirisha, na dirisha lile lina vioo vingi. Akasema wakubwa wake wamekwisha kuamua. Anachoweza ni kuwaomba wasubiri mpaka Mwalimu atakaporudi Jambiani mara moja zaidi. Mara moja tu. Mwalimu akasema inatosha, na sauti yake haikutosha.

Safari ya pili tulikwenda wakati wa maji mafu, bahari haikupwi sana na wanawake wako majumbani. Kila mmoja alinawa kwa sabuni na ndimu, na muuguzi akawasugua kucha kwa mswaki. Bi Mize akalalama, "Tunaozeshwa au tunapimwa?" Akakaa kwenye kiti, kioo kikabaki giza. Akakodoa macho. "Leo kimetulia."

Giza, giza, giza. Sikujua kama mtu anaweza kulifurahia giza, lakini nilimwona Mwalimu mabega yanashuka. Kisha akaingia mkwe wa Bi Mize, mke wa mwanawe, mimba bado changa. Hana homa, halalamiki kitu. Kipimo cha kawaida hakikuonyesha chochote. Kwenye kioo cha Mwalimu pakatokea doa, hafifu kama kaa chini ya majivu.

"Yameanza tena hayo," Bi Mize akasema, ila safari hii kwa sauti ndogo.

Yule binti akanawishwa upya, kidole kingine, kioo kipya. Doa likarudi. Mwalimu akampigia magoti, akamwambia, "Mwanangu, huenda pana kitu, huenda hapana. Tutapeleka damu yako mjini waangalie kwa njia nyingine. Usiogope, na usisahau." Ilichukuliwa damu ya mkononi, ikapelekwa hospitali kubwa.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Mwalimu alikuja, akakaa, akaangalia simu, hakugusa kioo. Nilimletea chai akainywa bila kuuliza sukari. Niliomba dua, nikajiuliza naomba nini: binti wa watu awe na ugonjwa ili chumba kibaki? Nikaiacha dua katikati. Baadaye nikaomba tu kwamba kilichopo kionekane. Sijui kama dua za namna hiyo zinapokewa.

Muuguzi wa Jambiani ndiye aliyepiga simu. Wadudu wapo, wachache mno, na binti ameshaanza dawa. Mwalimu akasema "Alhamdulillahi" moja, akaweka simu mezani, akasimama. Akaenda mlangoni kwa kukata katikati ya chumba, boriti zikalia zote, meza ikatikisika, akashuka ngazi hivyo hivyo bila viatu. Nilimwona dirishani, chini uchochoroni, amesimama na muuza udi. Alipanda na kifungu cha udi mkononi. Hakukichoma. Alikiweka tu juu ya friji.

Chumba hakikufungwa. Tangu hapo alijitia katika mwani. Tuliuponda kinuni, tukauchuja gizani, ukawekwa kwenye barafu, na kuna wenzake wa bara walimsaidia kuiunganisha rangi ile na vishikizi. Sehemu hiyo siifahamu, sitaijaribu. Ninachojua, ilishindikana mara nyingi kabla ya kukubali, na bado haidumu: ikikaa inafifia. Lakini kichupa kinachokuja kwa ndege kikiharibika, unangoja miezi. Mwani ukiharibika, unangoja bamvua ijayo tu.

Sasa nimekwisha kuacha kazi, magoti hayapandi tena ngazi zile. Naishi Bububu kwa binti yangu. Mwezi uliopita Mwalimu akanipigia simu, mtu ambaye hapigi simu. "Mama Asha, nnakwenda Jambiani. Twende ukatembee."

Kituo kile kina chombo chake sasa, kidogo, kwenye kona yenye pazia jeusi, na muuguzi yule yule ndiye anayekitumia. Kwenye benchi alikuwa amekaa mkwe wa Bi Mize, mja mzito tena, na kando yake mtoto wa kike wa ile mimba ya kwanza anamenya ndizi kwa meno. Bi Mize alikuwepo, nywele zimeingia mvi, sauti haijaingia kitu.

"Shikamoo Mwalimu. Kiberiti umekuja nacho?"

"Marahaba. Nimekuja nacho."

Wakanawa, wakachoma. Mwalimu akainama kwenye chombo akakaa hapo muda. Akabadilisha kioo, akatazama tena. Kisha akaniambia, "Macho yangu yamechoka. Angalia wewe, uniambie."

Nikaangalia. Giza tupu. Neno likanijia mdomoni, nikalimeza. "Sijaona kitu, Mwalimu."

Akaguna kidogo, kama anavyoguna mtu aliyeridhika na hesabu. Nje, yule binti alikuwa amesimama, mikono juu ya tumbo, anatungoja. Nilijua atakavyojibiwa: hatujaona, urudi mwezi ujao, usisahau. Bi Mize naye alijua. "Haya semeni hakuna, basi, mtoto wa watu apate kula!"

Mwalimu akatoka nyuma ya pazia. Hakusimama kizingitini. Akaenda mpaka kwenye benchi, akakaa, bega kwa bega na yule binti, akamshika mkono.

"Hakuna, mwanangu," akasema. "Hakuna. Kapumzike."

Mimi nikabaki nimeshika pazia. Nilitaka kumuuliza ni kioo kilichosema au ni moyo wake, maana yeye mwenyewe alinifundisha kwamba haya si kitu kimoja. Sikumuuliza pale. Nilimuuliza baadaye, tulipokwenda pwani, maana maji yalikuwa yamekupwa na alitaka mwani mbichi wa kurudi nao mjini.

"Umesema hakuna, Mwalimu."

"Nimesema."

"Umepekua dunia nzima?"

Akafikiri. "Nimepekua tone lile kila pembe ninayoijua," akasema. "Na alihitaji kulala leo. Mwezi ujao tutaangalia tena." Akavua viatu, akanipa nimshikie. Akakusanya buibui lake mpaka magotini, akaangalia maji kwa muda kama anayeangalia mbwa asiyemjua, kisha akaingia.

"Ni ya baridi?" nikamwita.

"Ingia, utajua," akajibu, tayari ameinama, anauinua mwani mwekundu juani.